Kwenda Kuona Vigae vya Kale Nyumbani kwa Mtu, Mtwara na Lindi: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali ni yale yale kila likizo ikikaribia. Kiingilio ni shilingi ngapi? Nikipiga picha, mwenye nyumba atakasirika? Nitajuaje kama kigae kimechorwa kwa mkono au kimepigwa chapa kiwandani? Kujibu kila mtu peke yake kwenye simu kumenichosha, nimeyaweka yote hapa.

Ukanda huu, kuanzia Kilwa Kivinje kushuka Lindi mjini hadi Mikindani na Mtwara, una nyumba chache ambazo wenyewe wametunza vigae vya udongo vilivyochorwa kwa mkono, yaani tailizi za kupamba ukuta, mara nyingi pamoja na sahani na mabakuli ya zamani. Vingine vimerithiwa, vingine vimenunuliwa Unguja au ng'ambo ya Ruvuma, vingine viliokolewa nyumba ilipobomolewa. Sitataja nyumba ya mtu hapa, na ukishaingia katika mojawapo, wewe pia usiitaje.

Kuna kitu cha kujua kabla ya yote. Watu wa Kusini wamesumbuliwa miaka mingi na watafuta rupia za Mjerumani: wageni wanaokuja na mashine za kupimia madini, wanaouliza habari za makaburi na nyumba za zamani, wanaoahidi mamilioni kisha wanaacha shimo uani. Ukipiga simu ukasema "nasikia una vitu vya kale", picha inayomjia mwenye nyumba ni hiyo. Karibu kila hatua hapa chini ina kazi ya kumwondolea wasiwasi huo.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mtu wa kukutambulisha. Bila huyu, vingine vyote havina kazi.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali. Tochi ya simu inafaa, ila chaji isiwe imeisha.
- Lenzi ya kukuzia, ile ya kuzidisha mara 10 wanayotumia masonara.
- Rula ya plastiki au futi ya fundi cherehani. Usipeleke futi ya chuma, inakwaruza.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino ikidondoka juu ya kigae chenye vitundu, doa halitoki.
- Khanga nzito au taulo la kutandika chini ya kigae.
- Zawadi ya nyumbani: sukari, majani ya chai, kahawa, au tende ukienda Ramadhani. Korosho usipeleke. Unampelekea mtu wa Mtwara korosho?

Mavazi ni ya heshima tu, kama unakwenda ukweni: suruali ndefu kwa mwanamume, mtandio au khanga kwa mwanamke. Pete, bangili na saa kubwa ziache ulikofikia.

Hatua kwa hatua

1. Zoesha macho kwanza.

Usiende nyumbani kwa mtu ukiwa hujawahi kuona kitu cha kale hata kimoja. Ukipita Dar es Salaam, ingia Makumbusho ya Taifa uangalie vyombo vilivyochimbuliwa Kilwa. Ukiwa na siku ya ziada Lindi, chukua kibali Kilwa Masoko uvuke kwenda Kilwa Kisiwani, magofu ambayo pamoja na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Kwenye Msikiti Mdogo wa Kuba, tazama juu: mafundi wa zamani walipachika mabakuli ya rangi kwenye dari. Kupamba jengo kwa udongo uliopakwa rangi kulikuwepo pwani hii karne nyingi kabla ya duka la kwanza la tailizi.

Angalizo: ufukweni Kisiwani utaona vipande vya vyombo vya buluu na vya kijani kibichi vimetapakaa mchangani. Usiokote hata kimoja. Ni mali kale iliyo kwenye eneo linalolindwa. Tena ukienda kumwonyesha mwenye nyumba kipande ulichokiokota huko, umeshamwambia wewe ni mtu wa aina gani.

2. Tafuta mtambulishaji.

Balozi, mwenyekiti wa mtaa, imamu, mwalimu mstaafu, fundi anayekarabati nyumba za mawe: yeyote anayeaminika na mwenye nyumba. Mweleze unachotaka kuona na kwa nini. Dalali usimtumie hata akijitolea bure. Dalali akitajwa, mazungumzo yanageuka kuwa ya bei kabla hujafika.

3. Tuma ujumbe, kisha ndiyo upige.

Ujumbe ueleze wewe ni nani, nani kakupa namba, unataka nini na hutaki nini. Mfano:

"Shikamoo Mzee. Naitwa Fulani binti Fulani, ninafundisha shule ya msingi Masasi. Namba yako nimepewa na Maalim, amesema atakujulisha. Ninajifunza habari za vigae vya zamani na ningependa, ukiniruhusu, kuja kuviona kwa saa moja tu. Sinunui wala siuzi. Siku na saa utakayopanga wewe ndiyo nitakayokuja."

Sentensi ya "sinunui wala siuzi" usiiache. Epuka maneno kama "mzigo", "dili" na "mteja", hata kwa utani.

4. Pangeni siku inayofaa kwake.

Ijumaa mchana achana nayo. Ramadhani, labda akuite mwenyewe usiku. Kuanzia Oktoba hadi mwaka unapokwisha ni korosho, na familia nyingi zina watu mashambani au kwenye vyama vya msingi. Anayeweza kukufungulia kabati huenda hayupo. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni mvua. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo rahisi zaidi.

Saa nzuri ni saa tatu asubuhi, jua likiwa bado linaingia kwa ubavu. Mikindani ni mwendo mfupi kutoka Mtwara mjini, kama kilomita 10, kwa daladala au bajaji. Kwa Kilwa Kivinje, basi la Dar linakushusha Nangurukuru, halafu unatafuta usafiri mwingine. Lala karibu usiku wa kuamkia siku hiyo. Mgeni aliyetoka kwenye basi la usiku hashiki kigae cha mtu.

5. Hodi, salamu, kiti.

Piga hodi ukiwa umesimama pembeni ya mlango, usichungulie. Mara tatu bila jibu, rudi barazani usubiri au upige simu. Kama wewe ni mwanamume na aliyepo ni mama peke yake, kikao kiwe barazani, au uje na dada au mke wako. Viatu vua mlangoni hata ukiambiwa "ingia navyo tu".

Watu wazima wape shikamoo, uliza habari za nyumbani na za afya, toa zawadi bila maelezo mengi, kisha kaa. Kahawa ikiletwa, kunywa. Vigae vinaweza kuchukua nusu saa kabla ya kutajwa, na kama havitajwi nawe usivitaje. Nimewahi kumpeleka kijana aliyeanza kumulika ukuta kwa tochi salamu hazijaisha. Kabati halikufunguliwa siku ile.

6. Mwache aanze na anachokipenda yeye.

Mara nyingi kigae anachokitanguliza ndicho duni kuliko vyote: kimevunjika pembe, rangi imefifia. Anakitanguliza kwa sababu kilitoka chumba cha bibi yake. Sikiliza. Uliza habari za watu: nani alikileta, kilikuwa ukuta gani, nyumba ile iko wapi leo. Habari hizo hazimo mahali pengine popote, na mwenyewe akifariki zinaondoka naye. Nyuma ya kigae pana maandishi utakayoweza kuyasoma hata kesho.

Swali la bei halipo kwenye ziara hii. Hata "hiki siku hizi kinafika kiasi gani?" kwa sauti ya utani ni swali la bei.

7. Shika hivi.

Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa. Kama umepaka mafuta au losheni, nawa tena. Glavu za pamba wanazovaa kwenye sinema hazifai hapa: udongo wenye ngozi ya kioo unateleza kwenye pamba. Mikono mitupu, safi na mikavu ndiyo salama.

Kaa chini, mkekani, khanga ikiwa imekunjwa mbele yako. Kitu kikiponyoka kutoka urefu wa kiganja hakivunjiki kirahisi. Kiinue kwa mikono miwili, mmoja ukiwa chini yake, usikishike kwa ukingo wala pembe. Mkimaliza, usimpe mwenzako mkono kwa mkono: kiweke kwenye khanga, yeye akichukue. Ajali nyingi hutokea hapo, kila mmoja akidhani mwenzake ameshika. Usipange kigae juu ya kigae uso kwa uso.

Angalizo: sahani iliyotundikwa ukutani kwa waya usiiguse. Waya wa miaka hiyo umeshaliwa na hewa ya chumvi.

8. Soma kigae, kuanzia mgongoni.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanatazama ua lililochorwa mbele na kukata shauri. Omba ruhusa ya kugeuza, kisha fuata mpangilio huu.

Mgongo. Kama nyuma pana mistari au miraba iliyobonyezwa sawasawa, pengine na jina la kampuni, kigae kimeshindiliwa kwa mashine. Njia hiyo ya kushindilia unga mkavu wa udongo ilisajiliwa Uingereza na Richard Prosser mwaka 1840, na kampuni ya Minton ndiyo iliyoanza kuitumia kwa wingi. Kwa hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, hata hadithi ikiwa tamu vipi. Neno "England" likiwa limepigwa chapa, kwa kawaida ni cha 1891 au baadaye, maana mwaka huo sheria ya ushuru ya Marekani ilianza kudai bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Mgongo usio na chapa, wenye alama za vidole au mikwaruzo ya kukatwa kwa kisu, unakupa tumaini la kitu cha zamani zaidi. Ukikuta herufi na namba zilizoandikwa kwa brashi, huenda ni kipande cha picha kubwa ya Kireno: mafundi waliandika hivyo ili wajengaji ukutani wajue kipi kinakaa wapi.

Kipimo. Cha Kiholanzi cha kale hukaribia sentimita 13 kwa 13, cha Kireno kama 14, cha Kiingereza inchi 6, yaani sentimita 15 na kidogo. Kipimo peke yake si ushahidi, ila kinakwambia uanzie wapi.

Pembe. Kwenye vya Kiholanzi tafuta vitundu vidogo sana karibu na pembe, upande wa mbele. Vimeachwa na misumari ya ubao uliotumika kukishikilia kisisogee wakati wa kukatwa. Waigaji wa kisasa husahau jambo hili, au huliweka sawasawa mno.

Mistari. Sasa lenzi. Brashi huanza nyembamba, hunenepa katikati na kuishia kwa ncha. Pale fundi alipotua, rangi hujikusanya ikawa nzito. Chapa ina mistari ya unene mmoja, au vinukta vidogo vilivyopangwa, na mara nyingine utaona mahali karatasi ya kuhamishia chapa ilipoungana vibaya kwenye pambo la ukingoni. Kupiga chapa kwenye vigae kulishaanza Liverpool mwaka 1756, kwa John Sadler na Guy Green, kwa hiyo "ni cha zamani" haina maana ya "kimechorwa kwa mkono". Vingi vya Kiingereza ni mchanganyiko: mistari ya chapa, rangi ya kujaziwa kwa brashi.

Vigae viwili vinavyofanana visikufanye useme mara moja kwamba ni vya mashine. Waholanzi walitoboa karatasi kwa sindano kufuata mchoro, wakaiweka juu ya kigae, wakaipigapiga kwa kifuko cha unga wa makaa. Vinukta vya unga vikabaki, fundi akavifuata kwa brashi. Ndiyo maana meli ni ile ile, lakini mawimbi hayalingani.

Mabakuli ya maua yanayokaa kabati moja na vigae yana kesi yake. Mengi yaliyofika pwani yetu karne ya 19 yalitengenezwa Maastricht, Uholanzi, na maua yake yaligongwa kwa sponji iliyokatwa umbo, kisha mistari ya ukingoni ikapitishwa kwa brashi. Ukiona ua moja linarudiwa na kasoro ile ile, hiyo ni sponji.

Mwanga wa ubavu. Laza tochi karibu usawa wa kigae. Utaona mabonde ya kioo, nyufa nyembamba zilizotanda usoni, na viraka vilivyopakwa rangi ya dukani. Kigae chenye umri huwa na uchakavu usiolingana: ukingo mmoja umelika, mwingine mzima. Uchakavu uliolingana pande zote nne umefanywa na msasa.

Ukiambiwa kigae fulani ni cha Iznik, Uturuki, cha karne ya 16, tabasamu umalizie kahawa yako. Vipo duniani, uwezekano wa kukikuta kwenye kabati Lindi ni mdogo, na si kazi yako siku hiyo kumvunja mzee moyo mbele ya wajukuu.

9. Picha na kumbukumbu.

Omba ruhusa ya picha mara mbili: ya kupiga, na ya kumwonyesha mtu mwingine. Zima kwanza sehemu ya simu inayorekodi mahali. Piga kigae kikiwa juu ya khanga isiyo na maandishi, rula pembeni, mbele na nyuma. Usipige mlango, dirisha, kufuli wala sura za watoto. Ukipeleka picha mtandaoni na mlango unaonekana, umewachorea wezi ramani.

Kwenye daftari andika kipimo, rangi, kasoro na maneno ya mwenyewe kama alivyoyasema. Dhana yako andika pembeni, mbali na maneno yake.

10. Aga, kisha rudisha kitu.

Saa moja ikiisha, aga wewe kabla hujaagwa. Wiki hiyo hiyo safisha picha chache studio umtumie mwenye nyumba, pamoja na karatasi moja ya ulichokiandika kwa Kiswahili. Ziara ya pili hufunguka kwa karatasi hiyo.

Mambo yakienda kombo

Mwenyewe anasema "vitu hivyo havipo tena." Kubali, zungumza mengine, aga vizuri. Huenda havipo kweli, huenda bado anakupima. Usimtume mtambulishaji kumbana.

Anadai hela ya kuangalia. Jadilini kwa utulivu. Kumpa mzee kitu cha kahawa ni adabu; kiingilio cha bei ya hoteli ni dalili kwamba kuna mtu katikati anayejitafutia. Muulize mtambulishaji wako faragha.

Umeme umekatika. Afadhali. Sogea dirishani na tochi yako. Taa ya dari huficha mabonde yote.

Vigae vinamenyeka na kutoa unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu wa pwani, na ukuta ukipigwa lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea na kusukuma chumvi kwenye vigae. Mwenyeji akikuomba ushauri: asivisugue kwa maji ya limau, siki wala dawa ya kusafishia choo, asivipake vanishi. Vilivyotoka ukutani vikae mahali pakavu penye hewa, vumbi liondolewe kwa brashi laini. Vilivyo ukutani, amwite fundi anayejua chokaa.

Kimevunjika mkononi mwako. Sema hapo hapo. Okota vipande vyote hadi chembe, kila kimoja kwenye karatasi laini peke yake ili visisagane, viwekwe kwenye boksi moja. Gundi ya dukani inayoshika kwa sekunde isikaribie. Wataalamu hutumia gundi inayoweza kuyeyushwa tena kwa asetoni, kama Paraloid B-72, ili kosa la leo lirekebishike kesho. Fidia zungumza kupitia mtambulishaji, na usisubiri uulizwe.

Anataka kukuuzia, au kukupa. Ulisema hununui, baki hapo hapo. Mara nyingi vitu vile ni mirathi isiyogawanywa, na anayekuuzia ana ndugu Tandahimba na Temeke ambao hawajaulizwa. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inauweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa kinachohesabiwa mali kale, na kutoa kitu cha namna hiyo nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kama ana shida ya fedha kweli, au anataka vitu vibaki salama, mwelekeze Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa.

Anakuuliza, "Mwanangu, hivi vina thamani gani?" Mjibu kwamba bei huijui, kisha msomee ulichokiandika: hiki kimechorwa kwa brashi, hiki ni chapa, hiki mgongo wake unaonyesha ni cha baada ya 1840. Akitaka zaidi ya hapo, mwachie nakala ya orodha yenye vipimo na picha, aikabidhi kwa mtoto anayemwamini. Wewe baki na yako, bila jina wala mtaa.